Lyuben Karastanev na Dakika za Sofia hadi Varna

Tarehe 30 Septemba mwaka huu Bwana Lyuben Karastanev, Mkuu wa Ratiba, anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka thelathini na minne. Katika miaka yote hiyo umbali kati ya uwanja wa ndege wa Sofia na ule wa Varna haukubadilika. Ni kilomita zisizofika mia nne kwa mstari ulionyooka, na hakuna mkurugenzi aliyefanikiwa kuzipunguza, ingawa walijaribu. Kilichobadilika ni muda wa safari. Muda huo ulikuwa mikononi mwa Bai Lyuben, kama tunavyomwita kwa heshima ya umri wake, na wasifu huu ni habari ya mtu huyo na muda huo.

Alizaliwa Gabrovo, akasomea hesabu, akaajiriwa kwetu akiwa kijana mwembamba mwenye sharubu zilizomtangulia mlangoni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupokea simu za abiria. Mtu akiuliza safari ya Varna inachukua muda gani, wenzake walisoma kilichoandikwa. Yeye alimuuliza kwanza, "Kwa ndege au kwa ratiba?" Baada ya malalamiko kadhaa alitolewa kwenye simu akapelekwa kwenye chumba cha ratiba, mahali ambapo mtu wa namna hiyo hawezi kuudhi abiria moja kwa moja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ndege hukaa angani robo tatu ya saa. Ongeza kuburuzika kwake uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua, unapata saa moja, labda na dakika chache. Mtu mwenye akili za kawaida angeimaliza kazi hiyo kabla ya chai. Bai Lyuben imemchukua miaka thelathini na minne, kwa sababu alifanya kazi chini ya wakurugenzi sita, na kila mmoja alikuja na dakika zake.

Bwana Dobrinov alitaka safari iandikwe dakika hamsini. Alipenda maneno "chini ya saa moja" na aliyapaka kwenye ubavu wa basi la uwanjani. Ikawa tunachelewa kila siku, asubuhi na jioni, bila ndege kupata hitilafu yoyote. Wahudumu walijifunza kuomba radhi kwa lugha nne. Wazee wa Varna walioshuka wakinung'unika ndio waliompachika Bai Lyuben jina la Bwana Karibu-Tunafika, na jina hilo lipo mpaka leo, wala hatuna mpango wa kulifuta.

Baada yake alikuja Bi Yordanka Kutseva, mama aliyechukia kuomba radhi. Alimwita Bai Lyuben ofisini akamwambia, "Tunachelewa kwa muda gani hasa?"

"Hatuchelewi, Bi Yordanka. Tunafika tunapofika. Tatizo ni tulichoandika."

"Basi kiandike kingine. Weka saa moja na robo."

"Saa moja na robo utafika Istanbul."

"Sisi hatuendi Istanbul," akasema Bi Yordanka.

Akaiandika. Wenzake tuliokuwa chumba kimoja naye tunakumbuka alivyokaa na ile ratiba mpya mbele yake kama mtu aliyeandikiwa dawa asiyoiamini. Lakini mkurugenzi alikuwa ameona mbali. Msimu ule ule ndege zetu zote zikaanza kufika mapema. Marubani wale wale, injini zile zile, mawingu yale yale. Mwaka uliofuata tukapewa tuzo ya kufika kwa wakati, jagi la kioo zito lisiloweza kutiwa maji, na Bi Yordanka akapigwa picha nalo akiwa amelikumbatia. Bai Lyuben aliombwa asimame nyuma kidogo, upande wa kushoto. Picha ipo ukumbini. Zinaonekana sharubu.

Hapa inabidi tuseme jambo ambalo shirika halikulitangaza sana. Mkuu wetu wa Ratiba alikuwa hapandi ndege. Hakuwahi kuanguka nayo wala kumpoteza mtu. Aliogopa tu, kama wengine wanavyoogopa mbwa. Mkewe, Bi Stefka, alitumia tiketi za bure za wafanyakazi bila aibu yoyote. Familia ilipokwenda Varna kiangazi, Bai Lyuben aliondoka jioni kwa treni, akalala ameketi, na Bi Stefka alikunywa kahawa yake nyumbani asubuhi, akaruka, kisha akaenda kumpokea mumewe stesheni. Alikuwa akimsubiri jukwaani na banitsa ya moto, andazi la jibini, kwenye karatasi. Watu waliowaona walidhani ni mke anayempokea mumewe kutoka ughaibuni.

Binti yao, Ralitsa, aliolewa Varna mwaka 2011, Jumamosi moja ya Juni, saa sita adhuhuri. Bi Stefka alikuwa ametangulia wiki nzima kushughulikia maua na ugomvi wa jamaa. Bai Lyuben alikuwa apande treni ya Ijumaa jioni, na suti yake mpya ikiwa ndani ya mfuko. Ijumaa ile mvua ya mawe ikanyesha upande wa Shumen, mafuriko yakasomba tuta la reli. Stesheni wakawaambia abiria wasubiri. Akasubiri. Ni mtu wa ratiba. Ukimwambia subiri, anaamini kuna mtu mahali fulani ambaye amepiga hesabu. Kulipopambazuka wakaambiwa treni haipo. Basi lisingewahi. Gari hakuwa nalo, na leseni hajawahi kuwa nayo.

Mimi na wenzangu watano tulikuwa tumealikwa harusini, na tulikuwa tukinywa kahawa kwenye ukumbi wa kuondokea tulipomwona anakuja na mfuko wa suti begani, macho mekundu, uso umempauka.

"Bai Lyuben," nikamwuliza, "umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kupanda."

Hakuna aliyecheka. Hilo nalitaja kwa heshima ya wenzangu, maana ni watu wanaocheka kwa urahisi. Bwana Gancho wa idara ya mizigo akaondoka kimya kimya akarudi na kijiglasi cha rakia, pombe kali ya matunda, na Bai Lyuben akakinywa saa nne asubuhi kama mtu anayekwenda kupasuliwa.

Tuliondoka saa nne na dakika arobaini, kwa wakati. Nilikaa karibu naye. Wakati ndege inakimbia njiani alinishika mkono, na kwa kuwa mimi ni mwanamke wa makamo mwenye jina zuri kazini, naomba ijulikane kwamba hakuuachia hadi juu ya milima ya Balkan. Aliuliza mambo mawili tu. La kwanza, kama sauti ile ni ya kawaida. La pili, kama watu wote hawa hulipa ili wafanyiwe hivi.

Snezhina, mhudumu mkuu wa safari ile, binti mwenye ulimi, akapita na gari la vinywaji. "Bai Lyuben, karibu kwenye ratiba yako. Maji au juisi?"

"Tumebakiza muda gani?"

"Unaniuliza mimi?"

Kapteni Ognyan Valchev alitua saa tano na nusu, taratibu, kama anayeweka mtoto kitandani. Abiria wakapiga makofi, kama tupigavyo sote tukitua salama. Bai Lyuben akapiga kuliko wote. Rangi ikamrudia usoni. Alitazama saa yake, akanionyesha: nusu saa nzima kabla ya harusi, na kutoka uwanjani hadi ukumbi wa ndoa ni robo saa kwa teksi. Akafungua mkanda, akasimama, akachukua suti yake.

Ndege ikasimama. Sauti ya kapteni ikatoka juu: "Mabibi na mabwana, nina furaha kuwaarifu kwamba tumefika Varna mapema. Kwa sababu hiyo tutasubiri kidogo."

Abiria wakapiga makofi tena.

Bai Lyuben akabaki amesimama katikati ya njia. "Tunasubiri nini?" akamwuliza Snezhina.

"Egesho letu lina ndege ya watalii. Inaondoka karibu na saa sita."

"Nani kawapa egesho letu?"

"Si letu bado. Ni letu kuanzia saa sita kasoro dakika tano. Kwenye ratiba yako, Bai Lyuben, sisi bado tuko angani."

"Basi walete ngazi hapa hapa tulipo."

"Watu wa ngazi wanakuja kwa ratiba. Na basi la abiria pia. Kaa, tafadhali, taa ya mkanda inawaka."

Akakaa. Nje ya dirisha tuliona jengo la uwanja, karibu kiasi cha kusoma saa iliyokuwa ukutani. Mtu mwenye miguu mizima angefika pale akitembea huku anakula aiskrimu. Simu yake ikalia, na kwa kuwa alikuwa anaishika mbali na sikio kama watu wa umri wake, safu tatu zilimsikia Ralitsa.

"Baba, uko wapi? Mama anasema treni hazipo."

"Niko Varna."

"Varna wapi?"

"Kwenye ndege."

Kisha Ralitsa akasema polepole, "Kwenye ndege ipi, baba?"

"Ya kwetu."

"Imechelewa?"

"Hapana, mwanangu. Imewahi."

Sijui kama mtu anaweza kueleza uso wake kwa wakati ule bila kumkosea adabu mstaafu. Nitasema tu kwamba alizitazama zile dakika zikipita moja moja, na alizijua zote. Yeye ndiye aliyezitia pale. Miaka minane zilikuwa wino tu kwenye karatasi, dakika kumi na tano za heshima ya kampuni, na sasa zilikuwa na viti, na joto, na mtoto wa safu ya saba anayelia, na binti yake wa pekee amesimama na shela kwenye ngazi za ukumbi. Wakati fulani alinigeukia akasema, si kwa hasira, "Zdravka, kila siku watu hukaa hapa hivi?"

"Kila siku."

"Na hawasemi kitu?"

"Wanapiga makofi, Bai Lyuben."

Mlango ulifunguliwa saa sita kasoro dakika tano. Kwa wakati kamili. Safari ile imo katika takwimu zilizotuletea tuzo ya pili.

Alibadilisha suruali ndani ya teksi, na dereva, mtu wa Varna asiyeshtuka, akamshikia tai kwenye taa za barabarani. Tulifika ukumbini saa sita na dakika ishirini. Zamu ya Ralitsa ilikuwa imepita. Jumamosi za Juni ndoa za Varna hupangwa kama ndege, moja nyuma ya nyingine, na aliyekosa nafasi yake amekosa. Lakini Ralitsa alikuwa amewapisha maharusi waliomfuata waingie mbele yake. Bwana harusi, Kaloyan, kijana mpole wa kazi za meli, alikuwa ameketi kwenye ngazi akila mkate wa mtu mwingine. Afisa wa ndoa, mama mwenye utepe wa rangi tatu begani, alitoka nje akawaambia, "Nina wengine mlangoni, na saa saba naondoka. Baba yenu anakuja au hayupo?"

"Anakuja," akasema Ralitsa. "Amepanda ndege."

Jamaa wote wa upande wa mama wakacheka, wakidhani ni mzaha wa kupoza mambo. Bi Stefka hakucheka. Inasemekana alikaa chini.

Ndipo Bai Lyuben akatokea kwenye kona, tai begani, kiatu kimoja hakijafungwa, sisi sita nyuma yake tukikimbia na mabegi. Ralitsa akashuka ngazi zote, shela likiburuta, akamshika mabega akamtazama kama anayehakikisha hakuna kilichopungua.

"Umepanda ndege kwa ajili yangu."

"Reli imefungwa," akasema baba yake, na hapo hapo akaanza kulia, akalia hadi afisa wa ndoa akamletea kiti.

Walifungishwa ndoa wa mwisho kabla ya chakula cha mchana. Ralitsa aliipiga teke ile ndoo ya shaba ya maji na maua, kama ilivyo desturi ya maharusi wa kwetu, kwa nguvu za siku nzima. Iliruka ikampata Gancho gotini. Mama mkwe akawalisha mkate na asali, na wakacheza horo, ngoma yetu ya kushikana mikono mstarini, kuzunguka uwanja mpaka magari yakasimama. Bai Lyuben, ambaye hachezi, aliongoza mstari.

Alirudi Sofia kwa treni, reli ilipofunguliwa, na Jumatano akaingia kwa Bi Yordanka. Mlango ulikuwa wazi. Tulikuwa na kazi nyingi karibu na mlango huo.

"Naomba nizitoe zile dakika," akasema.

"Unataka tuanze tena kuchelewa?"

"Nataka tuandike saa moja na dakika tano. Siku tukichelewa, tutakuwa tumechelewa kweli."

"Bai Lyuben, abiria hawakulalamika."

"Hawajui wanaibiwa nini. Wanadhani ni zawadi."

"Na tuzo?"

"Ile haishiki hata maji, Bi Yordanka."

Alikataa. Ratiba ya majira ya baridi ilipoletwa ikiwa na saa moja na robo, Bai Lyuben hakuitia sahihi. Alibembelezwa, akaonywa, akakumbushwa kwamba kiinua mgongo chake si mbali sana. Akasema anasikitika, ila amekwishakaa ndani ya dakika hizo na hawezi tena kuziandika kama hazina watu. Ikatiwa sahihi na mwingine. Yeye akahamishiwa Ofisi ya Mizigo Iliyopotea, chini ya Gancho aliyekuwa bado anachechemea.

Wenye nia mbaya walidhani atajuta. Lakini idara ile haijawahi kuwa na amani kama miaka mitatu ile. Wateja walizoea kuambiwa begi lao liko njiani. Bai Lyuben aliwaambia liko Frankfurt, kwamba hakuna aliyeligusa, na kwamba halitafika kabla ya Alhamisi. Watu walikuja wakiwa wamefura, wakaondoka wakiwa na habari. Bibi mmoja wa Burgas, ambaye mitungi yake ya lyutenitsa, rojo ya pilipili na nyanya, ilikuwa imepasukia ndani ya nguo za mchungaji wa Kilutheri, aliwahi kumletea nyingine, ili naye aone kilichopotea.

Kisha Bi Yordanka akastaafu kwa heshima zote, na akaja Bwana Emil Tachev, ambaye mpaka leo tunaye na ndiye atakayesoma wasifu huu kabla haujachapwa. Bwana Tachev aligundua kwamba ndege zetu zinakaa chini bure kila safari, na kwamba dakika hizo zikikusanywa zinatosha kurusha safari moja zaidi kwa siku. Akauliza nani aliyewahi kulifikiria jambo hili. Akaelekezwa chumba cha mizigo. Bai Lyuben akarudishwa kwenye meza yake, safari ikaandikwa saa moja na dakika tano, na mwaka uliofuata Bwana Tachev akapewa tuzo ya ubunifu. Katika picha hiyo Bai Lyuben hayupo kabisa. Alikuwa kwenye treni, akienda kumwona mjukuu wake wa kwanza.

Siku hizi tunachelewa mara kwa mara. Ukungu, dhoruba, abiria anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake. Tunaomba radhi, na radhi hiyo ina maana. Safu ya saba wanashuka mara ndege inaposimama. Hakuna anayepiga makofi mara ya pili, kwa kuwa hakuna wa kumshukuru: mtu kafika tu.

Tumempa zawadi ya kuagana naye: tiketi za bure za maisha kati ya Sofia na Varna, kama anavyostahili kila mstaafu wa ngazi yake. Alizipokea kwa shukrani akamkabidhi Bi Stefka. Wawili hao wanahamia Varna mwezi ujao, karibu na Ralitsa, Kaloyan na watoto wawili. Bi Stefka atatangulia. Bai Lyuben atafika siku inayofuata.

Sherehe ya kumuaga ni Jumatatu, ukumbi wa juu. Kwenye kadi tumeandika saa nane na nusu, maana tunawajua wafanyakazi wenzetu; tutaanza saa tisa. Bai Lyuben pekee ndiye tuliyemwambia saa ya kweli.

Kwa niaba ya marubani, wahudumu, watu wa ngazi, watu wa mizigo na wote waliowahi kushuka Varna wakiwa hawajui nani wa kumshukuru: asante, Bai Lyuben, kwa kukubali kuchelewa mbele ya watu. Tunakuombea siku njema na ndefu kando ya bahari, wajukuu wasiochoka, na asubuhi ambazo hakuna anayekuuliza zitachukua muda gani.

Zdravka Mincheva, Idara ya Tiketi